Mzee wa Njia Anajibu: Mita Moja Ile Ile

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu kuhusu treni za abiria za Nairobi, na barua zikamiminika kuliko wakati wowote tangu nipewe ukurasa huu. Nimechagua tano. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: sikuwa dereva wa treni wala gadi. Nilikuwa mtu wa njia. Niliingia katika genge la matengenezo mwaka 1981, nikashika sururu, nikashika nyundo, hatimaye nikawa nyapara. Marehemu baba yangu, Mtaita wa Voi, alikuwa fundi wa mabehewa kwenye karakana za Nairobi, nami nikakulia Makongeni katika nyumba za reli. Basi nitajibu kwa jicho la mtu aliyezoea kuitazama treni kutoka chini.

*

*Hujambo Mzee. Kila asubuhi naabiri treni ya Embakasi Village kwenda kazini mjini. Mwenzangu ofisini hunicheka kwamba napanda mtumba wa Wazungu. Ni kweli treni hizi zilitumika kwingine kabla ya kuletwa kwetu? Na kama ni kweli, iliwezekanaje zikatoshea reli iliyowekwa na mkoloni zaidi ya miaka mia moja iliyopita?*
— Msomaji wa Embakasi

Sijambo, ndugu yangu. Mwambie mwenzako kuwa ni kweli, na hakuna la kuonea haya. Treni hizo za dizeli zilitoka Mallorca, kisiwa cha Hispania katika Bahari ya Mediterania. Zilianza kuundwa miaka ya 1990 na kampuni ya CAF ya huko huko Hispania, zikabeba watu wa kisiwa kile kwa miaka mingi, kisha Kenya ikanunua 11. Zilikuja kwa meli hadi Mombasa, na Novemba 2020 zikazinduliwa rasmi katika stesheni kuu ya Nairobi.

Swali lako la pili ndilo lililonikosesha usingizi tangu siku nilipoziona kwa mara ya kwanza. Mtumba wa soko la Gikomba unaupima mabegani. Treni hupimwa miguuni. Gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani, na ukingo huo hukaa baina ya vyuma viwili vya reli. Nafasi ikizidi, gurudumu linadondoka. Nafasi ikipungua, gurudumu linapanda juu ya chuma. Gengeni tulikuwa na fimbo ya chuma tuliyoiita geji. Unailaza juu ya reli, unapima kutoka ubavu wa ndani wa chuma hiki hadi ubavu wa ndani wa kile, na jibu lazima liwe milimita 1,000. Kwenye kona kali huongezwa kidogo ili magurudumu yasikwaruze, lakini huko ni kuongeza kwa kipimo. Nimelaza geji hiyo mara nyingi kiasi kwamba hata leo nikitazama meza ninaweza kukwambia kama inafika mita.

Kwa hivyo nilipoambiwa treni zimetoka Ulaya nilishtuka. Ulaya ninayoisikia ni ya reli pana ya milimita 1,435, na Hispania yenyewe njia zake kuu za zamani ni pana zaidi ya hapo. Nilimwita mjukuu wangu, tukakaa na simu yake usiku mzima, yeye akitafuta nami nikiandika daftarini.

Reli ya Mallorca ilifunguliwa tarehe 24 Februari 1875, kutoka mji mkuu Palma hadi Inca, mji wa mafundi wa viatu vya ngozi. Waliojenga walichagua reli nyembamba, futi tatu za Kiingereza, yaani milimita 914. Matawi yakaendelea hadi Sa Pobla, nchi ya viazi, na hadi Manacor, mji ambao baadaye ulimzaa mcheza tenisi Rafael Nadal. Kisha magari yakaja, na kisiwa kile kikafanya kosa lile lile lililofanywa kila mahali: njia moja baada ya nyingine ikafungwa. Mwaka 1977 treni ziliacha kufika Manacor. Ikabaki ile ya Palma na Inca.

Hapo ndipo nilipoinuka kitini. Mwaka 1981 waliiweka upya njia hiyo ya Inca, na walipoiweka waliiongeza upana kwa milimita 86. Milimita 86 ni upana wa kiganja. Ikawa mita moja kamili. Mwaka huo huo wa 1981 mimi nilikuwa kijana mgeni gengeni, nikifundishwa kulaza geji kwenye mita yetu. Hawakutujua, hatukuwajua, tukawa tunashika kipimo kimoja.

Baadaye wakapata treni hizo za dizeli. Wakairudisha njia ya Sa Pobla mwaka 2000, na ya Manacor mwaka 2003, miaka 26 tangu ifungwe. Kisha wakaanza kuweka umeme juu ya njia, na umeme ulipoenea, treni za dizeli zikakosa kazi. Hazikuwa zimechakaa, bali kwao zilikuwa zimepitwa. Nairobi nayo ilikuwa na reli ya mita, watu wengi, na haina nyaya za umeme juu ya njia. Mtumba ulikutana na bega lake.

Na sisi mita yetu tuliipata wapi? Uhindi. Waingereza walipoanza kuijenga Reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, palikuwa na mjadala. Wako waliotaka futi tatu na nusu kama reli za kusini mwa Afrika. Lakini mafundi, vibarua na vifaa vilikuwa vinatoka Uhindi, na kule njia nyingi zilikuwa za mita. Likawa jambo la kukata. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka kule, na wapatao 2,500 walifia kazini. Mjukuu alipofika kwenye vichwa vya treni vya kwanza kabisa nilicheka kwa furaha: vilinunuliwa vikiwa vimeshatumika kwenye reli za serikali ya Uhindi. Mwambie mwenzako wa ofisini kwamba treni ya kwanza kulia katika nchi hii nayo ilikuwa ya mtumba.

Nitaongeza jambo moja ambalo abiria wengi hawalioni. Treni zetu za awali zilivutwa na kichwa kilicho mbele. Kikifika mwisho wa njia lazima kifunguliwe, kipite njia ya pembeni, kirudi nyuma ya mabehewa, kifungwe tena, mtu wa breki akague. Hapo dakika zinakwenda na abiria wa kurudi wanasubiri juani. Hizi za Mallorca zina chumba cha dereva kila upande na injini zake ziko chini ya mabehewa. Dereva anashuka na begi lake, anatembea hadi upande wa pili, anaketi, anaondoka. Ukifika Embakasi Village asubuhi moja usikimbilie kiti, mtazame dereva anavyotembea. Matembezi hayo ndiyo yaliyokufanya uwahi kazini.

*

*Mzee shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Ruiru. Nimesoma mahali kwamba njia yetu ya reli zamani iliitwa “Tramu ya Thika”. Mwalimu anasema tramu ni gari la mjini. Nairobi iliwahi kuwa na tramu? Na swali la pili linatoka kwa mama: kwa nini treni husimama Dandora au Kahawa muda mrefu bila mtu kushuka wala kupanda?*
— Mwanafunzi wa Ruiru

Marahaba, mwanangu. Ulichosoma ni sahihi na mwalimu naye amesema sahihi. Haikuwa tramu hata siku moja. Ilikuwa reli kamili ya mita moja iliyopewa jina la tramu.

Gavana wa wakati huo, Percy Girouard, alikuwa mhandisi wa reli kabla ya kuwa gavana. Aliitaka njia ya kwenda Thika kwa sababu walowezi walikuwa wameanza kilimo upande ule. Alijua akiomba fedha za kujenga reli mpya, London watakataa. Akaomba tramu, kitu kidogo tu cha kusaidia wakulima. Ikakubaliwa, na mwaka 1913 treni zikaanza kufika Thika. Miaka iliyofuata “tramu” hiyo iliendelea kupanda, ikapita nchi ya Murang'a, ikapita upande wa Nyeri, na mwaka 1930 ikafika Nanyuki chini ya Mlima Kenya. Ilipokoma treni ya abiria ya huko, wazee wa Nanyuki walidhani hawatasikia tena honi. Ilirudi Desemba 2020.

Nakusihi uielewe historia hiyo vizuri kwa sababu ndani yake kuna jibu la mama yako. Njia unayosafiria haikujengwa kwa ajili ya mtu wa Ruiru anayekwenda kazini mjini. Ilijengwa kubeba mazao kushuka na vifaa kupanda. Stesheni hazikuwekwa penye watu, maana watu hawakuwapo. Ziliwekwa kwa umbali uliofaa treni kupishana na vichwa vya mvuke kupata maji. Ndipo mji ukaja. Nairobi yenyewe ilikuwa tambarare ya maji baridi ya Wamaasai, maili 327 kutoka Mombasa, na vyuma vilipofika hapo mwishoni mwa Mei 1899 wajenzi walipiga kambi kwa sababu mbele yao kulikuwa na mlima wa kuelekea Limuru na Bonde la Ufa. Kambi ikawa bohari, bohari ikawa mji. Sioni mji mwingine mkubwa wa nchi yetu ambao reli ilitangulia na watu wakafuata namna hii.

Na kwa muda mrefu reli iliyouzaa mji huu haikuwabeba wafanyakazi wake. Shirika liliwajengea nyumba karibu: Muthurwa, Landi Mawe, na kwetu Makongeni. Baba alitoka nyumbani king'ora kikilia, akatembea, akafika. Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana kwenye kibuyu cha bati, nami pia kwa miguu. Hatukuhitaji treni ya mjini. Mji ulipokwisha kufura hadi Githurai, Kahawa, Ruiru, Kikuyu na Athi River, ndipo treni ya abiria wa kila siku ilipoonekana kuwa ni lazima, na ikabidi itumie njia ile ile ya mazao.

Sasa, Dandora. Mwambie mama kuwa njia ni moja. Kwenda na kurudi, chuma ni kile kile. Treni mbili zinazoelekeana zitapishana mahali pamoja tu, penye njia ya pembeni, na hiyo iko stesheni. Dereva wako hawezi kutoka stesheni kabla stesheni ya mbele haijasema njia ni tupu. Ile ya kutoka mjini ikichelewa dakika 10, ya kwenu inachelewa 10 hizo hizo, hata kama haina kosa lolote. Siku akiona treni imesimama bila sababu, asubiri kidogo, ataona sababu ikimpita dirishani.

*

*Mzee, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Tumekuwa na SGR, reli mpya iliyo pana, tangu 2017. Kwa nini tuendelee kutia fedha kwenye reli nyembamba ya 1899? Ni ndogo, haina nguvu, inajaa maji mvua ikinyesha. Ing'olewe, paweke SGR au barabara ya mabasi.*
— Msomaji wa Athi River

Nashukuru umeandika kwa uwazi. Hasira yako naielewa, maana mvua ya Aprili ikikukuta stesheni huna la kusema ila hasira. Lakini umeweka lawama mahali pasipo pake, na jambo hili ndilo lililonifanya nikubali kuandika ukurasa huu.

Tuanze na nguvu. Kati ya 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kililetea Afrika Mashariki vichwa vya mvuke 34 vya aina ya 59, vilivyopewa majina ya milima. Kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252. Kilivuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Havijawahi kuundwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu zaidi ya hivyo kwa reli ya mita popote duniani. Vilitembea juu ya wembamba huu unaouita hauna nguvu. Baba alinibeba mabegani kukitazama kimoja kikitoka, na moshi ulitufunika sote wawili.

Wembamba una faida yake. Magurudumu mawili ya ekseli moja yamefungwa pamoja, hayawezi kuzunguka kila moja kivyake. Kwenye kona chuma cha nje ni kirefu kuliko cha ndani. Treni ikigeuka robo ya duara kwenye reli ya mita, tofauti hiyo ni zaidi kidogo ya mita moja na nusu. Kwenye SGR inapita mita mbili. Ndiyo sababu reli nyembamba hukunja kona kali kwa urahisi, na ndiyo sababu inaweza kujipinda kupanda hadi Limuru, zaidi ya mita 500 juu ya Nairobi, bila kuchimba milima yote. SGR ya kwetu imetengenezewa mwendo na mizigo mizito. Inataka kona pana, na kona pana inataka ardhi. Niambie utaipata wapi ardhi hiyo kati ya Makadara na mjini, nyumba za nani zibomolewe.

Ukiing'oa ya mita, jua pia unakata nini. Njia hiyo ndiyo inayokwenda Nanyuki, Kisumu na Malaba. SGR inaishia upande wa Naivasha. Na ukishuka kwenye Madaraka Express, treni ya SGR ya kutoka Mombasa, pale Syokimau usiku, ni treni ya reli ya mita inayokuchukua hadi katikati ya mji. Mita moja na mita 1.435 zinakaribiana pale kiasi cha kutembea na mkoba, lakini hakuna treni inayoweza kuruka kutoka hii kwenda ile, kwa sababu ya milimita 435 tu.

Kuhusu maji, nisikilize kwa makini. Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zilipokuja, nilikuwa nyapara wa kipande kimoja upande wa mashariki ya mji. Usiku mmoja niliamshwa, tukatoka watu sita na taa. Tulikuta maji yamefika juu ya mataruma, yale magogo yanayolala chini ya vyuma kuvishika. Juu, vyuma vilikuwa sawasawa. Nililaza geji kwa mikono yangu, ikasoma mita moja kamili. Lakini nilipoingiza sururu chini ya taruma ikazama kama kijiko kwenye uji. Kokoto zilikuwa zimejaa matope na takataka. Kazi ya kokoto ni kushika taruma na kupitisha maji, na zikiziba, reli inaelea. Tulisimamisha treni ya alfajiri. Mfereji uliotakiwa kuondoa maji yale ulikuwa umezibwa na mtu aliyejenga juu yake, na tulikuwa tumeandika barua kuhusu mfereji huo tangu mwaka uliotangulia. Barua ilikuwa ndani ya faili, na maji yalikuwa juu ya reli. Mtu aliyekwisha simama kwenye maji yale hawezi kukubali kusikia kwamba kosa ni la wembamba. Upana wowote uweke juu ya kokoto zilizoziba, utazama.

Nataka kitu kingine kabisa, nawe ungekitaka ukikaa nami dakika kumi. Nataka njia ya pili pembeni ya ile ya kwanza angalau hadi Makadara na hadi Dandora, treni zipishane bila kungojana. Nataka mifereji. Nataka kipande cha ardhi cha pande zote mbili kilindwe, na wale wanaouza sukuma wiki na viatu juu ya njia wapewe soko la kweli mahali pengine kabla ya kuondolewa, si baada. Pale Kibera mapema mwaka 2008 vijana waling'oa reli kwa mikono wakati nchi ilipowaka moto, na mizigo ya Uganda ikakwama. Niliyatazama mataruma yale yamelala chali nikalia. Baadaye nilijiuliza, je, wale vijana waliwahi kupanda treni hiyo wao wenyewe? Iliwapita mlangoni kila siku ikiwapigia honi. Tangu hapo nimeamini kwamba treni ikimbeba mtu kwenda kazini, ataitetea.

Na Mallorca, tafadhali, usiisahau. Matajiri wa Ulaya wale, waliokuwa na uwezo wa kuchagua upana wowote, walipoweka umeme hawakupanua reli. Kufikia mwaka 2019 umeme ulikuwa umefika hadi Sa Pobla na Manacor, juu ya mita ile ile.

*

*Shikamoo Babu. Nakusoma kutoka Dar es Salaam. Treni yetu ya mjini tunayoiita treni ya Mwakyembe, je, nayo ni ya mita moja? Na kwa nini ile ya TAZARA haiji Stesheni?*
— Msomaji wa Buguruni

Marahaba. Inayotoka Stesheni ndiyo, ni mita moja. Inapita kwenye Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, tena kwa upana ule ule wa Reli ya Uganda ingawa walikuwa mahasimu. TAZARA ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975 ili iungane na Zambia na reli za kusini, kwa hivyo ilifuata upana wa kusini wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, urefu wa kidole cha shahada. Kwa kidole hicho behewa la TAZARA haliwezi kukanyaga Reli ya Kati, na ndiyo maana pale Kidatu mizigo hushushwa huku na kupakiwa kule. Treni zenu za mjini zilipoanzishwa Oktoba 2012, Dakta Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, ilibidi ziwe mbili tangu siku ya kwanza, kila moja na njia yake. Wiki mbili baadaye, Novemba 2012, kwetu Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau. Miji hii miwili iliamka karibu siku moja.

*

*Babu, mimi nina miaka kumi. Tukienda kwa shangazi Limuru na treni inalia ta-tá, ta-tá, ta-tá. Ni nini kinagonga? Baba anasema ni magurudumu yamechoka.*
— Mtoto wa Kikuyu

Mjukuu wangu, baba yako amejitahidi, lakini magurudumu hayajachoka. Chuma cha reli kikipata jua hurefuka. Kipande cha mita 12 kikipanda joto kwa digrii 30, kinarefuka zaidi kidogo ya milimita 4. Kama vipande vingegusana kabisa, saa saba mchana vingesukumana na reli ingejipinda kama nyoka. Kwa hivyo tunaacha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, tunaviunga kwa bamba la chuma na boliti nne. Gurudumu likivuka nafasi hiyo linagonga: ta. La pili lililo karibu nalo linafuata: tá. Pengine utapita mahali pasipolia, hapo vipande vimeunganishwa kwa kuchomelewa.

Sasa nikufundishe mchezo alionifundisha baba tulipokuwa tukienda Voi kwa nyanya usiku, mimi nimekaa daraja la tatu miguu haifiki chini. Azima saa ya baba yako. Kaa kitini, usitoe kichwa dirishani. Sikiliza mlio mmoja mmoja, kila “ta-tá” ihesabu kuwa moja. Hesabu kwa sekunde 43. Pale ambapo vipande ni vya mita 12, idadi utakayoipata ndiyo mwendo wa treni. Ukihesabu 30, mnakwenda kilomita 30 kwa saa. Treni ikianza kupanda kuelekea Limuru utasikia idadi ikishuka. Niandikie umepata ngapi kati ya Kikuyu na Limuru, na ngapi mkirudi mkiteremka. Na siku baba yako akipata nafasi, mwambie akupeleke Makumbusho ya Reli hapa Nairobi. Kuna kichwa nambari 5918, Mount Gelai, kimoja cha vile vya tani 252. Simama karibu na gurudumu lake kubwa, uone unafika wapi.